Frasila Mbili Begani

Anayejiandaa kupanda Kilimanjaro siku hizi hupewa ratiba ya mazoezi miezi mitatu au minne kabla ya safari. Huanza kutembea na begi la kilo chache mgongoni, akaongeza uzito kidogo kidogo, akapanda na kushuka ngazi, akachuchumaa na kuinuka na mzigo wake, akapumzika siku zilizopangwa, na kula vizuri kuliko alivyozoea. Ratiba hiyo huandikwa kwa lugha ya sayansi ya michezo, na ni sayansi kweli. Lakini akishafika mlimani, sehemu kubwa ya mizigo yake humwachia mpagazi ambaye hakuna aliyemuuliza amejiandaa vipi. Huyo huhesabiwa kuwa tayari daima. Watu wa huku, husemwa, wamezaliwa hivyo. Dhana hiyo ina umri mkubwa kuliko utalii wa mlima, na imewahi kuua watu wengi. Ninachodai hapa ni kwamba nguvu ya mpagazi wa Afrika Mashariki ilijengwa kwa utaratibu unaofanana sana na ratiba ya huyo mgeni, na kwamba utaratibu huo ulitegemea uwezo wa wapagazi wenyewe kuwa na neno juu ya uzito, mwendo, chakula na msimu. Walioamini kwamba ni nguvu ya kuzaliwa nayo walidhani wanaweza kumtwika mkulima yeyote, wakati wowote, kwa posho yoyote. Matokeo yake yamo kwenye kumbukumbu za vita.

Tuanze na mzigo wenyewe. Karne ya 19, njia kuu ya biashara ya pembe za ndovu na nguo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali hadi Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Hapakuwa na mnyama wa kutegemewa. Mbung'o na maradhi yake viliwamaliza ng'ombe na farasi, na punda hawakuchelewa kufuata. Msafiri Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo 1871 na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla safari haijakolea. Kilichobaki ni bega la mtu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, na juu yake mpagazi aliongeza vyake: mkeka, chungu, chakula cha siku kadhaa, mara nyingi silaha pia. Mtu wa kilo 60 akibeba hivyo, amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake mwenyewe, na si kwa saa moja ya mazoezi bali kwa miezi miwili au mitatu mpaka Tabora. Vikosi vya majeshi mengi ya leo hubeba uzito wa aina hiyo, lakini askari hufundishwa kwanza.

Mpagazi wa Kinyamwezi, mwenyeji wa eneo la Tabora, naye alifundishwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora 1857 na 1858, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wa miaka sita au saba walikwisha kuanza kubeba vipembe vidogo mabegani. Ajabu ni tafsiri aliyoitoa. Badala ya kuona mafunzo, Burton aliona silika, akafananisha watoto hao na watoto wa mbwa wa kuwinda ambao hawahitaji kufundishwa kunusa windo. Ushahidi wake unampinga mwenyewe. Mtoto anayeanza na kipembe kidogo, akapewa kikubwa zaidi kadiri anavyokua, akaingia msafarani kijana akiwa na mzigo mwepesi chini ya macho ya wakubwa wake, na kufikia utu uzima akigombania pembe kubwa kwa sababu mbebaji wake hupata heshima, huyo amepitia hatua zote ambazo kocha wa leo angempangia. Misuli huitikia mzigo mpya ndani ya wiki chache. Kano, gegedu na mifupa huchukua miezi na hata miaka. Ndiyo maana mtu mzima anayejitwika kilo 30 ghafla huumia goti au mgongo hata kama mapaja yake yana nguvu. Miaka kumi na zaidi ya kubeba kidogo kidogo ndiyo iliyowapa Wanyamwezi kile ambacho Burton alikiita silika.

Ufundi nao haukuwa mdogo. Mzigo wa nguo ulikunjwa na kukazwa kwa fito mpaka ukawa mrefu na mgumu kama gogo, usilegee begani wala kumvuta mbebaji upande mmoja, na fito ziliachwa zijitokeze upande mmoja ili wakati wa kupumzika mzigo usimamishwe na kuegemezwa mtini. Jambo hili dogo ni la akili sana. Kinachomchosha na kumuumiza mbebaji zaidi ni kuinua mzigo kutoka ardhini, mgongo ukiwa umeinama; mzigo uliosimama huingia begani kwa kukunja magoti kidogo tu. Wanyamwezi walipendelea bega, wakibadilisha kulia na kushoto, ilhali wabebaji wengi wa pwani walitumia kichwa. Pembe nzito kupita kiasi, au mzigo usiogawanyika, ulibebwa na watu wawili kwa mti, mzegazega. Kila mtu alijua mzigo wake na nafasi yake katika mstari, na mwenye pembe kubwa alikuwa mbele, karibu na kirangozi, yaani kiongozi wa msafara.

Mwendo ulikuwa na kanuni zake. Msafara uliondoka alfajiri, ukatembea saa nne, tano au sita, ukapiga kambi kabla jua halijawa kali. Mchana uliobaki ulikuwa wa kupika, kutafuta maji, kujenga uzio wa miba na kulala. Kutembea tena alasiri, kutelekeza, kuliwekwa kwa ajili ya nyika isiyo na maji kama Mgunda Mkali, ambako ilibidi msafara upige hatua ndefu na kulala njiani bila kisima. Wasafiri wa Ulaya waliokuwa na haraka waliuona utaratibu huo kuwa uvivu. Vitabu vyao vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi wanaodai siku ya mapumziko, wanaotaka kukaa mahali penye chakula kingi, wanaokataa kuondoka mpaka posho itolewe. Ukiyasoma malalamiko hayo leo ukiwa na kitabu cha mazoezi mkononi, unaona karibu kila kanuni ya maandalizi ya mwili: kazi nzito wakati wa baridi, kula kabla ya nguvu kwisha, kupumzika ili mwili ujirudishie kilichotumika, na juhudi ya kupita kiasi kwa nadra, penye sababu tu. Tofauti ni kwamba mpagazi hakuwa na kocha wa kumtetea, ilibidi ajitetee mwenyewe.

Na alijitetea. Stephen Rockel, mwanahistoria aliyechunguza upagazi wa karne ya 19 katika kitabu chake cha 2006, Carriers of Culture, ameonyesha kwamba wengi wa watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi, viongozi na mbinu zao za kudai haki. Waliweka mizigo chini mpaka madai yao yasikilizwe. Walitoroka, mara nyingine kwa makundi, na msafara uliopoteza wapagazi katikati ya Ugogo ulikuwa umekwama. Mwanzoni mwa safari ugomvi mkubwa ulikuwa wa uzito: kila mzigo ulinyanyuliwa, ukapimwa kwa mkono, ukabishaniwa. Mwenye msafara aliyezidisha uzito alijua kwamba atalipa baadaye kwa ucheleweshaji au kwa kuachwa. Msimu pia ulikuwa wao. Wanyamwezi wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, wakatembea kiangazi, wakarudi kulima mvua zinapokaribia. Kwa hiyo mwaka wa mpagazi ulikuwa na miezi ya mzigo mzito na miezi ya kazi nyingine, mfumo ambao makocha wa riadha walikuja kuuandikia vitabu katika karne ya 20. Sidai kwamba Wanyamwezi walikuwa na nadharia ya mazoezi. Walikuwa na mashamba, na mashamba hayakuwaruhusu kubeba mwaka mzima. Mwili haujali sababu ya mapumziko, unajali kwamba yamekuwepo.

Hapa inafaa kusikiliza maabara, kwa sababu suala la kuzaliwa au kujengwa limewahi kupimwa hapa kwetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya juu ya wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Iligundulika kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila matumizi yao ya oksijeni kuongezeka. Mwaka 1995 watafiti wakaeleza sehemu ya siri hiyo: hatua ya mwanadamu hupanda na kushuka kama pendulamu, na wanawake hao wakiwa na mzigo walipoteza nishati kidogo zaidi katika kila hatua kuliko walivyopoteza bila mzigo. Mwaka 2005 ikaja kazi ya Nepal, ambako wapagazi wanaume wa njia ya kuelekea Everest walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao. Watafiti waliona jambo ambalo msomaji wa historia ya Tabora asingeshangaa kuliona: wapagazi hao walitembea polepole, kwa saa nyingi, wakipumzika mara kwa mara.

Lakini yupo atakayeniletea utafiti mwingine, na ana haki. Mwaka 2010 kundi la watafiti lilipima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na halikuona unafuu wa jumla wa kubeba kichwani. Lililoona ni tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na waliokuwa na uzoefu wa miaka hawakuonekana kutumia nishati kidogo kuliko wasio nao. Kama uzoefu haupunguzi gharama ya mzigo, si hoja yangu imeanguka? Sidhani, ingawa inanilazimu kuikata vizuri zaidi. Mashine ya kutembelea hupima pumzi kwa dakika chache. Haipimi kano iliyozoea kilo 32, wala ngozi ya bega iliyokuwa sugu, wala ujuzi wa kufunga mzigo, wala busara ya kusimama kabla ya kuchoka. Hayo ndiyo yaliyomfikisha mtu Tabora akiwa hai, na hayo ndiyo ninayosema yalijengwa. Zaidi ya hapo, utafiti wa Afrika Kusini unaibomoa dhana ya kuzaliwa nayo kuliko unavyoibomoa dhana ya mafunzo: kama kungekuwa na mwili wa Kiafrika ulioumbiwa mzigo, basi wanawake hao wangeonyesha unafuu wa pamoja, si mtawanyiko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu. Mtu anaweza kusema kwamba tunawaona wenye nguvu kwa sababu dhaifu walikwisha kuachwa njiani. Misafara iliacha wagonjwa, ndui ilipita katika kambi, na wapo waliobeba kwa sababu walikuwa watumwa, si kwa sababu walitaka heshima. Ni kweli, na mwandishi yeyote anayegeuza barabara ya Bagamoyo kuwa uwanja wa michezo anawadhulumu waliofia humo. Mchujo ulikuwepo. Hata hivyo mchujo pekee hauelezi kwa nini watu wa jamii fulani, kwa vizazi viwili au vitatu, walitafutwa kuliko majirani zao waliokuwa na miili ileile, hali ya hewa ileile na chakula kinachokaribiana. Kinachoeleza ni desturi: jamii moja ilikuwa imeuweka upagazi katika malezi ya kijana wa kiume na katika sifa za mwanamume anayetafuta mke, nyingine haikufanya hivyo. Na mfano maarufu kuliko yote wa uwezo huo haukuhitaji mwenye msafara kabisa. Baada ya msafiri David Livingstone kufariki katika kijiji cha Chitambo Mei 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake, wakapanga njia, chakula na mapumziko wao wenyewe, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Walijua kuendesha safari ndefu kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Kisha vikaja vita vya 1914 hadi 1918, na hapo dhana ya Burton ikawa sera. Majeshi ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji yalipigana katika nchi isiyo na barabara, na kila risasi na kila gunia la unga lilihitaji mtu wa kulibeba. Upande wa Uingereza peke yake uliandikisha mamia ya maelfu, na uandikishaji mkubwa wa 1917 ulichukua karibu kila mwanaume aliyepatikana vijijini. Wengi hawakuwa wapagazi. Walikuwa wakulima na wafugaji wa nyanda za juu, watu wa Uganda waliokula ndizi maisha yao yote, vijana ambao hawajawahi kutoka wilayani kwao. Walipewa mzigo mzima siku ya kwanza. Walitembezwa kwa ratiba ya jeshi, mvua au jua, bila msimu. Walipewa unga wa mahindi ambao wengi hawakuuzoea, na usioiva vizuri bila kuni kavu, sufuria na muda mrefu, vitu vitatu ambavyo mtu aliyefika kambini usiku hakuwa navyo. Tumbo likaharibika, kuhara damu kukaenea, na aliyeharibikiwa tumbo hawezi kubeba wala kupona akiendelea kutembea. Takwimu rasmi za Uingereza zilihesabu vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa karibu laki moja. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mahali palipokuwa na kambi za wapagazi hao.

Atakayesema kwamba wapagazi wa vita hawafanani na Wanyamwezi wa misafara, kwa hiyo ulinganisho si wa haki, atakuwa ameisema hoja yangu kwa maneno yake. Hawakufanana kwa mafunzo. Kwa kila kitu kingine ambacho maofisa wa wakati ule walikitaja kuwa chanzo cha nguvu, yaani rangi, bara na jua la tropiki, walifanana kabisa. Kama chanzo kingekuwa hicho, wasingekufa hivyo. Ushahidi mwingine uko katika marekebisho yenyewe: pale ambapo madaktari na maofisa wa kazi walifaulu kudai wapishi maalumu, unga uliosagwa laini, blanketi na uchunguzi wa afya kabla ya kuandikishwa, hali iliboreka. Kilichookoa maisha ni kurudisha, kwa amri kutoka juu na kwa kuchelewa, mambo ambayo mpagazi wa Tabora alikuwa akiyadai kwa kuweka mzigo chini.

Reli ilimaliza upagazi wa masafa marefu. Ya Uganda ilifika Kisumu 1901, ya kati ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mlimani lakini hakuna reli, na huko kazi iliendelea kwa sura mpya. Hans Meyer alipofika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, kambi yao ya juu ilitunzwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kwenye baridi ambayo hakuna mtu wa pwani aliyelelewa nayo. Leo sheria ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi wa Kilimanjaro, na mizani hutumika kuthibitisha. Kilo 20 ni pungufu sana ya frasila mbili, lakini barabara ya Tabora haikufika mita 4,000, achilia mbali Kibo yenye mita 5,895, ambako hewa ina karibu nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari.

Mizani hiyo ni hatua njema, na sipendi kuibeza. Ila kati ya mambo manne niliyoyataja mwanzoni, yaani uzito, mwendo, chakula na msimu, inapima moja. Mwendo si wa mpagazi: mgeni huenda polepole kama alivyoelekezwa ili mwili wake uzoee kimo, huku mpagazi akimpita ili mahema yawe yamesimama na maji yamechemka kabla mgeni hajafika. Chakula kinategemea kampuni, na ndiyo maana mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro ulioanza 2003 umekuwa ukifuatilia milo, mavazi na malipo, si uzito tu. Kuhusu msimu, miezi yenye wageni wengi haimwachii kijana nafasi ya kupumzika baina ya safari na safari. Anayeshuka leo hupanda tena akipata nafasi, kwa sababu haijulikani nafasi nyingine itakuja lini. Mnyamwezi wa 1870 aliweza kukataa mzigo kwa kuwa wenye misafara walikuwa wengi, wapagazi stadi hawakutosha, na shamba lilikuwa linamngoja kwao. Upande wa Kilimanjaro hali imegeuka: wanaotafuta kazi ya kubeba ni wengi kuliko mizigo iliyopo, na mashamba ya kahawa na migomba ya mteremkoni yamegawanywa kwa warithi mpaka kijana hana pa kurudi kulima.